Je, Homoni Zitatujibia Siku ya Hisabu?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora na akauwekea mwili wake mizani. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, kuna neno limeingia mabwenini kwetu na sasa linatumika kama ufunguo wa kila mlango. Mtu amemtukana mwenzake chumbani, akiulizwa anasema, "Ni homoni tu, akhi." Mwingine ameshindwa kuinamisha macho yake, anasema ujana ni homoni. Dada amemjibu mama yake vibaya kwenye simu, anasema wiki hii homoni zimevurugika. Wengine wetu tunacheka, wengine tunakasirika na kusema hayo ni maneno ya watu wasiomwogopa Mungu.

Lakini tukirudi darasani tunakuta vitabu vya tiba vinasema jambo lisiloweza kupuuzwa: hasira, njaa, usingizi, huzuni na matamanio, vyote vina mkono wa tezi ndani yake. Basi swali linabaki. Neno hili "homoni" ni udhuru mbele ya Allah, au ni kisingizio?

Ninaliandikia swali hili kwa sababu nililijibu mara mbili katika muhula mmoja, na mara zote mbili nilikosea.

Makosa mawili

Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari. Katika msalla wa bweni letu alikuwepo ndugu mmoja ambaye ndiye aliyetuamsha kwa swala ya Alfajiri. Alipita mlango kwa mlango akigonga taratibu, na wengi wetu tuliswali jamaa kwa sababu yake. Muhula wa pili akaanza kukosa. Kwanza siku moja kwa wiki, kisha tatu, kisha tukawa hatumwoni kabisa mpaka Adhuhuri. Kwenye vikao vya jumuiya alisinzia. Alivaa sweta mchana wa jua. Akizungumza, maneno yalitoka polepole kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni.

Sisi tukasema dunia imemteka. Jioni moja baada ya Maghrib nilipewa nafasi ya kutoa mawaidha, nikazungumzia unafiki na jinsi swala za Isha na Alfajiri zinavyokuwa nzito kwa wanafiki. Sikutaja jina. Sikuhitaji kulitaja, kwa kuwa macho ya watu yalijua pa kwenda. Tangu jioni ile hakuja tena msallani.

Muhula huohuo, wiki ya mitihani, nilimfokea mama anayetuuzia chai na chapati nje ya geti kwa sababu ya chenji iliyopungua. Ni mtu wa umri wa mama yangu, na nilimfokea mbele ya wateja wake. Mwenzangu aliponikataza nilicheka nikamwambia, "Niache, siku mbili sijalala, kotisoli imepanda." Nikaondoka nikiamini nimejieleza.

Baada ya miezi kadhaa yule ndugu alipimwa damu, ikaonekana tezi yake ya shingo imezorota. Jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba dalili zile zote, kuhisi baridi, usingizi mzito, uso kujaa, usemi kuwa wa polepole, kusahau, nilikuwa nimeziandika kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Nilizijua kwenye karatasi. Sikuziona kwa mtu niliyesimama naye safu moja.

Basi mwenye udhuru nilimnyima, na mimi nisiye na udhuru nikajipa. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta mpaka kati ya hayo mawili.

Kinachosukuma

Tuanze na jina lenyewe. Mwaka 1902 mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kwamba utumbo unapopokea chakula chenye asidi kutoka tumboni hutoa kemikali ambayo husafiri ndani ya damu na kuliamuru kongosho litoe majimaji yake, hata kama mishipa ya fahamu imekatwa. Mwaka 1905 Starling akaziita kemikali za namna hiyo homoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea au kusukuma. Shika maana hiyo, kwani tutairudia: homoni ni kinachosukuma.

Mfumo wake ni wa ajabu, na atakayeutazama kwa moyo atasema Subhanallah. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya kunde, inayopokea maagizo kutoka sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Pituitari huituma homoni yake kwenye tezi ya shingo, nayo tezi ya shingo hutengeneza thairoksini inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, na akili iwe nyepesi au nzito. Ni kama mwenye duka na msambazaji wa mzigo. Rafu zikiwa tupu, mwenye duka anaagiza. Zikijaa, anaacha kuagiza. Thairoksini ikipungua, pituitari hupandisha agizo, ikitosha, hushusha. Kongosho nalo hutoa insulini sukari inapopanda baada ya kula, na hutoa glukagoni sukari inaposhuka. Ndiyo sababu mfungaji mwenye afya anafika Magharibi akiwa na sukari ya kutosha damuni, ingawa hajala tangu daku.

Haya yote yanafanyika bila kuombwa ruhusa yetu. Hakuna mtu anayeamua leo atoe insulini kiasi gani. Basi mtu ana haki ya kuuliza: kama mimi sizitawali, nitaulizwaje kwa yale zinayonisukuma kuyatenda?

Dakika za hasira

Chukua hasira. Mtu amekutukana. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, ini linatoa sukari, mboni za macho zinapanuka, damu inakimbilia kwenye misuli. Hukuchagua. Kwa sekunde hizo mwili umejiandaa kupigana kabla hujaamua lolote.

Uislamu haukukanusha hali hii. Suratul A'raf inatusimulia kuhusu Nabii Musa (a.s.), aliyerudi akawakuta watu wake wanaabudu ndama, akaghadhibika kwa ajili ya Mola wake, akaziweka chini zile mbao na kumshika ndugu yake kichwani, kisha ghadhabu ilipomtulia, akaziokota. Mtume wetu (s.a.w.) alimkataza kadhi kutoa hukumu akiwa na hasira, na mafaqihi wakapima kwa kiasi hicho njaa kali, usingizi na kubanwa na haja. Maana yake nini? Maana yake sharia inajua kwamba hali ya mwili huifikia akili. Kadhi hakuambiwa kwamba akiwa mchamungu wa kweli hasira haitamgusa. Aliambiwa asubiri.

Na hapo kwenye kusubiri ndipo penye somo. Adrenalini haikai. Huondolewa katika damu ndani ya dakika chache tu. Kama nimetukanwa saa nne na saa sita bado nachemka, adrenalini ya saa nne haipo tena. Kuna anayeipika upya, na anayeipika ni mimi, kila ninapolirudia lile tusi kichwani na kulipangia majibu. Cheche ya kwanza ilikuja yenyewe, lakini kuni za baadaye nimezibeba kwa mkono wangu.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye hasira akiwa amesimama akae, na isipomwondoka alale. Sisemi kwamba hadithi ni somo la fiziolojia, na sipendi tabia yetu ya kulazimisha kila hadithi itangulie maabara. Nasema tu kwamba agizo hili linaufahamu mwili: kusimama hupandisha noradrenalini katika damu, na kulala huishusha. Tumeamrishwa jambo tunaloliweza katika muda ambao tunauweza. Hatukuambiwa tuzuie tezi. Tumeambiwa tukae chini.

Kalamu inaanza lini?

Kuna hoja nyingine ambayo kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote. Jiulize, sharia inaanza kumhesabia mtu dhambi na thawabu lini? Anapobaleghe akiwa na akili timamu. Na kubaleghe ni nini? Ni siku ambazo haipothalamasi inaanza kuiamsha pituitari, pituitari inaziamsha tezi za uzazi, na mwili wa kijana unajaa testosteroni au estrojeni kwa kiasi ambacho haujawahi kukijua.

Mtoto wa miaka 8, ambaye matamanio hayo hayajamgusa, kalamu imeinuliwa kwake. Kijana aliyeanza kuchemka, kalamu inaanza kuandika. Kama homoni zingekuwa udhuru, baleghe ingekuwa ndiyo siku ambayo majukumu yanaondoka. Imekuwa kinyume. Palipo na msukumo ndipo pana mtihani, na mtihani bila msukumo hauna maana. Nani anapewa thawabu kwa kujizuia na kitu asichokitamani?

Wala hakuachwa kijana apambane kwa mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza vijana wenye uwezo waoe, na asiyeweza afunge, kwani saumu ni kinga kwake. Huyo ni mlezi anayekiri kwamba moto upo, kisha anaonyesha maji yalipo.

Mahali ambapo udhuru ni wa kweli

Nikiishia hapo nitakuwa nimerudi kwenye mimbari ile ile niliyomuumizia ndugu yangu. Kwa sababu kuna hali ambazo mwili hausukumi tu, unamwondolea mtu uwezo.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, sukari yake ikishuka sana, anaweza kutetemeka, kuropoka, kugombana na kila mtu, hata akadhaniwa amelewa. Ubongo wake umekosa sukari, na dakika ile akili yenyewe haipo. Ukimpa kitu kitamu anarudi, na huenda asikumbuke alichosema. Ni nani atamwandikia dhambi mtu huyo kwa neno alilolisema hali hiyo? Tumefundishwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Aliyepotewa na akili kwa sukari kushuka ana mahali pake karibu nao.

Halafu kuna hali ya katikati, na hiyo ndiyo inayotudanganya. Tezi ya shingo inapozorota akili haiondoki. Mtu anajua ni Alfajiri, anaisikia adhana, lakini mwili wake ni kama taa inayowaka kwa betri inayokwisha. Akijikaza anaweza siku moja, siku ya pili hawezi. Allah ametufundisha mwishoni mwa Suratul Baqara kwamba haikalifishi nafsi ila kwa kiasi cha uwezo wake, na uwezo huo sisi watu hatuuoni kwa macho.

Katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu jambo hili si la vitabuni. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu upande wa Kongo, kilijulikana kwa watafiti tangu miaka ya 1960 kwa wingi wa watu wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua kwa karne nyingi, na madini joto yamekwenda na maji. Chakula kikuu ni mihogo, na mihogo isiyolowekwa vya kutosha hubaki na sumu ambayo ikivunjwavunjwa mwilini huizuia tezi kufyonza hata madini joto kidogo yaliyopo. Tezi haipati malighafi, pituitari inazidi kuagiza, tezi inavimba kwa kujitahidi. Na mama mjamzito akikosa madini hayo sana, mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo uliodumaa, na hali hiyo haiponi.

Tafakari kiasi kinachohitajika. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Ukikusanya mahitaji ya miaka 70 hupati gramu 4, hakijai kijiko kimoja cha chai. Kwa kukosa kijiko hicho, mtu ameitwa mjinga maisha yake yote, au mvivu, au imesemwa ukoo wao umerogwa. Dawa ilikuwa chumvi iliyotiwa madini joto. Wangapi tumewahukumu kwa tabia, kumbe walikosa chumvi?

Hoja ya zamani, na kipimo kimoja

Msidhani swali hili limeletwa na maabara za kisasa. Karibu miaka 900 iliyopita, Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alijibishana katika Ihya na watu waliodai kwamba tabia haibadiliki kwa kuwa inatokana na mchanganyiko wa mwili. Wakati ule waganga walizungumzia damu, kohozi na nyongo. Leo tunazungumzia kotisoli na testosteroni, lakini dai ni lile lile. Alijibu kwamba kama tabia isingebadilika, mawaidha na malezi yangekuwa bure, na akaonyesha kwamba hata wanyama hufundishika. Akatoa na mfano wa kokwa ya tende: si mtende, lakini imeumbwa iweze kuwa mtende ikilelewa. Hakusema hasira na matamanio ving'olewe, kwani bila hivyo mtu asingejilinda wala kizazi kisingeendelea. Alitaka viwe chini ya uongozi.

Mwenzangu mmoja wa darasani aliniambia, "Lakini hiyo akili inayoongoza nayo ni ubongo, na ubongo unaoshwa na homoni zilezile. Aliyekaa chini, homoni zake zilimruhusu." Ni hoja yenye nguvu na sikuwa na jibu la haraka. Nililipata jibu langu kwa kumkumbuka yule mama wa chai.

Nilijiuliza hivi: dakika ile ile, na kotisoli ile ile damuni, kama chenji pungufu ningerudishiwa na mkuu wa kitivo, ningemfokea? Wallahi nisingemfokea. Ningetabasamu na kusema, "Hakuna neno, mheshimiwa." Basi breki zilikuwepo. Nilizifunga kwa mkubwa na kuzifungua kwa mnyonge. Homoni hazikujua nani ni mama wa chai na nani ni mkuu wa kitivo. Mimi ndiye niliyejua.

Na yule ndugu yetu? Yeye alikuwa mzito kwa kila kitu. Alisinzia kwenye darsa, akasinzia kwenye mhadhara, akaacha mpira alioupenda, akawa hapokei simu za nyumbani. Uzito wake haukuchagua swala. Tungemtazama kwa huruma siku mbili tu tungeliona hilo. Msukumo tulionao uwezo nao huchagua wa kumwangukia, na ugonjwa kwa kawaida hauchagui.

Mizani ya kupimia

Kwa hiyo naona neno homoni lina matumizi mawili ya halali, na sisi tumeyageuza.

Kwa nafsi yangu, homoni ni taarifa. Nikijua kwamba sijalala, kwamba nina njaa, kwamba niko katika siku za wasiwasi, hiyo ni sababu ya kuchukua tahadhari mapema: kuahirisha ule mjadala, kufunga mdomo, kukaa chini. Ukhti anayejua kwamba siku fulani za mwezi anakuwa na hasira ya karibu ana elimu ambayo mwenzake hana. Na maumivu yakizidi, au huzuni ikimlemea, kwenda kwa daktari ni katika kushika sababu, wala si udhaifu wa imani. Anayejua mto umejaa halafu akaingia kuogelea hawezi kuulaumu mto.

Kwa nduguyo, homoni ni dhana njema. Kabla sijasema mnafiki, mvivu, hana haya, nimtembelee chumbani nimuulize, "Ndugu yangu, unaumwa?" Swali hilo moja lingetuokolea miezi. Na hata kama hana ugonjwa wowote, nimepoteza nini kwa kumjulia hali? Haki yake ya kujuliwa hali haikutegemea majibu ya maabara.

Nilimwendea yule ndugu. Nilimwambia niliyoyasema msallani yalikuwa yanamlenga yeye, na kwamba nilikosea. Alikuwa ameanza vidonge vyake, kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na vilihitaji wiki kadhaa kumrudishia nguvu. Aliniambia amenisamehe. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau: katika miezi ile yote alikuwa akijiuliza kama kweli yeye ni mnafiki, kwa kuwa alikuwa akiisikia adhana na kulia kitandani kwa kushindwa kuinuka. Mimi ndiye niliyempa jibu, na jibu lilikuwa la uongo.

Kwa mama wa chai nilikwenda pia. Kwake sikutaja kotisoli. Nilisema, "Mama, nilikukosea, nisamehe." Akanimiminia chai akasema nikae ninywe, itapoa.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuponyeshe wagonjwa wetu, atupe nguvu ya kuyatawala yale aliyotupa uwezo nayo, atusamehe yale tusiyoyaweza, na azilinde ndimi zetu na heshima za ndugu zetu. Amin.

Wallahu a'lam.